Ndoo Nimekuachia, Begi Nimeondoka Nalo

Mdogo wangu,

Nawahi kipindi. Chai iko kwenye chupa, maji ya kuoga kwenye ndoo. Ukitoka funga mlango. Hosteli si kwa mama.

Asubuhi nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Foleni nzima ya bafuni umeipisha, "Tangulia dada, tangulia tu," mpaka maji yakakatika! Kisha ukanuna, ukafungasha, eti chuo kimekushinda. Siku ya kwanza!

Kesho shika zamu yako, adabu utawaonyesha ukishaoga. Darasani kaa mbele. Ukipotea, uliza. ~~Usinipigie simu ovyo.~~ Nipigie.

Nguo zako nimezirudisha kabatini. Begi ninalo mimi. Ukitaka kurudi kwa mama, zibebe kwenye ndoo.

Dada yako