Kopo Namba Saba

Jumanne, 13 Aprili

Mikanda minne leo. Tyubu moja ya baiskeli hutoa mikanda minne ukikata kwa subira, mitatu ukiwa na hasira. Sikukuu ya jana imenipumzisha, kwa hiyo minne. Makopo yamekauka rangi. Kijivu, ile ya ukuta uliochakaa. Nilijaribu kijani mwaka jana, nikajuta. Mjini kijani ndicho kinachoonekana.

Seif kaka yangu kabla hajasafiri aliniuliza tena kama nimerogwa. Ni mchezo tu. Kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimezibwa kwa mpira, unalificha nje, mahali pasipo na mwenyewe. Kidude kinachosoma satelaiti kinakupa namba za mahali hapo. Unamtumia mwenzio namba kwenye simu. Anakwenda, analitafuta, anaandika jina kwenye daftari la ndani, anachukua kitu kidogo, anaacha kitu kidogo, analirudisha. Basi. Katika jiji hili lote ninaowajua tunaocheza ni wawili: mimi na Mzee Kanti, fundi saa wa Kisutu. Mwanawe yuko Uingereza. Ndiye aliyemletea vidude viwili na wazimu wenyewe.

Nina miaka thelathini na tisa. Mchora ramani, nilipunguzwa kazi shirika lilipouzwa, nikaokotwa na kampuni ya mtu binafsi. Nastahili wazimu mmoja.

Mama kaniomba kopo moja. "Yale yako hayapitishi sisimizi." Nilifurahi kupita kiasi. Bosi hajawahi kusifu ramani yangu hata moja.

Jumatano, 14 Aprili

Kumbe kopo ni la kitovu cha Nasra, kichanga cha Seif. Kilidondoka siku ya nane. Mama kakifunga kwenye kitambaa cheupe na punje za habasoda, uzi mweusi juu. Kinasubiri kuzikwa.

Zamani kisingesubiri. Vitovu vyetu vyote viko uani hapa hapa Kariakoo, cha kwangu, cha Seif, cha baba. Lakini Seif kaujaza ua fremu za maduka, sementi mlango hadi mlango. Mkomamanga ulikatwa. Hakuna udongo wa kutosha hata kupanda mchicha. Kwa hiyo kitavushwa Magogoni kwenda Mbwamaji, kwenye kiwanja cha bibi. Jumamosi ya tarehe 24, maana baba mtu lazima awepo, na baba mtu yuko Dubai anafunga mzigo wa simu. Anarudi Ijumaa usiku.

Zuhura, wifi yangu, anaulizia kila siku. Yuko ndani ya arobaini, hana kazi nyingine ila kunyonyesha na kuulizia. Mtoto wa kwanza baada ya mimba tatu kuharibika. Simlaumu.

Ijumaa, 16 Aprili

Nimeficha Namba Saba alfajiri, kabla ya kazi. Jangwani, ukuta mfupi wa matofali karibu na viwanja, tofali moja limelegea, nyuma yake tundu. Nimechagua bondeni kwa ajili ya magoti ya Mzee Kanti. Hakuna kupanda wala kuruka.

Nilichukua kopo juu ya kabati gizani, sikutaka kumwamsha mtoto. Namba nimemtumia saa moja. Hatakwenda mpaka Jumapili. Yeye hutafuta Jumapili tu, duka likiwa limefungwa. Nimejisikia vizuri siku nzima.

Jumamosi, 17 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kubwa. Nikalala hadi saa tatu, nikala mihogo ya nazi, nikasikiliza bati. Kopo langu liko Jangwani kavu kabisa ndani. Nawaza hivyo na kutabasamu mwenyewe. Mjinga.

Jumapili, 18 Aprili



Asubuhi nilipanda stuli kupanga makopo juu ya kabati. Nikatingisha moja. Penseli ikagonga. Ndani ya makopo ya mchezo ndimo hukaa penseli. Nikafungua: daftari jipya, shanga, kifungo cha shaba, na "NAMBA SABA" kwa mwandiko wangu.

Mama alikuwa ameweka lake juu ya kabati pamoja na yangu. Kwa sababu ya paka. Rangi moja, mkanda mmoja, fundi mmoja. Namba huwa naandika ndani, si nje, eti namba ya nje inaita wezi. Nilijiona mwerevu sana nilipoitunga kanuni hiyo.

Nimekificha Jangwani kitovu cha mtoto wa kaka yangu. Na mvua haijakatika.

Jumatatu, 19 Aprili

Nilitoka kazini saa sita nikasema naumwa tumbo. Sikudanganya sana. Nikashuka Jangwani kwa miguu. Barabara imefungwa. Maji kutoka upande huu mpaka ule, rangi ya chai ya maziwa, magodoro yanapita, mlango mzima wa mbao unapita. Ukuta wangu hauonekani. Askari mmoja akaniambia, "Dada, huko huendi." Nikamwambia nimesahau kitu. Akacheka. "Wote wamesahau kitu huko leo."

Simu ya Mzee Kanti haipatikani. Nikaenda Kisutu, dukani kwake kufuli. Jirani yake, muuza vitambaa, akasema mzee kaondoka na basi la kwanza Jumamosi, kaenda Tanga harusini kwa mpwa wake. Basi hakulitafuta. Jumapili alikuwa Tanga.

Naogopa. Mara ya mwisho niliogopa hivi baba alipokuwa wodini.

Jumanne, 20 Aprili

Leo nimefikiria ubaya, na nauandika ili nisijidai baadaye kuwa sikuufikiria.

Jikoni kuna tangawizi kavu. Kipande kidogo, kimesinyaa, rangi ile ile. Kitambaa cheupe ninacho, habasoda zipo, uzi upo. Nani angefungua? Wangezika tangawizi Mbwamaji, Zuhura angetulia, Mama angetulia. Nasra angekua anaonyeshwa shimo la tangawizi na kuambiwa wewe ni wa hapa.

Nilikikata kabisa. Kilikuwa mkononi. Mtoto akalia chumbani, nikakitupa kwenye sufuria ya chai. Chai ilikuwa kali mno. Mama akasema, "Hawa, leo umetuamulia." Nikanywa vikombe viwili kama adhabu.

Jumatano, 21 Aprili

Maji yamepungua. Nilikuwa bondeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Kidude kikanifikisha ukutani barabara. Ukuta upo. Tofali lipo, limerudishwa mahali pake. Tundu tupu.

Nimetia mkono mpaka begani. Tope na konokono. Nikatafuta chini ya ukuta, mtaroni, kwenye takataka zilizonasa kwenye wavu wa goli. Saa mbili nzima. Mama mmoja aliyekuwa anaanika magodoro akaja kunisaidia bila kuniuliza chochote. Nilipomwambia ni kopo, akanitazama. Aliponiona nalia akaendelea kutafuta.

Kopo langu halipitishi maji. Linaelea. Nilijisifia mwenyewe jambo hilo. Limeshafika baharini.

Sijaenda kazini. Wala sijapiga simu.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimemwambia Mama.

Nilisubiri amalize kusali adhuhuri, nikakaa mkekani mbele yake, nikasema yote tangu kabati mpaka konokono. Na tangawizi. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alikunja msala wake taratibu, kona kwa kona, kisha akauliza jambo moja tu: "Ulikiweka pakavu?"

Nikasema ndiyo Mama, pakavu, ila maji yamepanda.

Halafu akasema, "Zuhura usimwambie. Mpaka Jumamosi asubuhi. Mwache alale siku mbili." Akaingia ndani. Nikamsikia anapanda kwenye stuli, miaka sabini na moja ile, anashusha makopo yote na kuyafungua moja moja. Alikuwa haniamini. Au alikuwa hataki kuniamini. Nilikaa mkekani nikahesabu vifuniko.

Ndiyo siku mbaya kuliko zote.

Ijumaa, 23 Aprili

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Naanza na hilo kabla mkono haujapoa.

Saa kumi na moja jioni. Nilikuwa barazani nachambua mchele nisiouona. Mzee Kanti akatokea kona ya mtaa, begi la safari begani, shati limekunjamana, katoka stendi ya Ubungo moja kwa moja. Kwapani kopo la kijivu.

Sikumwamkia. Nilisimama mchele ukamwagika wote. Ndipo nikasema shikamoo. "Marahaba," akasema. "Hawa, kwanza chukua hili, halafu nipe maji."

Kisa ni hiki. Alijua Jumapili atakuwa Tanga, kwa hiyo kwa mara ya kwanza akavunja desturi yake, akatafuta Ijumaa ile ile jioni. Akalipata. Akafungua aandike jina. Hakuna daftari, kuna kitambaa na uzi. Akajua hapo hapo. Marehemu mkewe alihifadhi cha mtoto wao kwenye kijaluba cha fedha mpaka anakufa. Akafunga, akarudisha tofali, akatoa simu anipigie, simu ikamponyoka mtaroni. Namba yangu ilikuwa ndani ya simu. Siku hizi nani anashika namba kichwani? Kwetu hakuwahi kufika, alijua mtaa tu. Ofisini kwangu alikwenda, pameshafungwa, na usiku umeingia. Alfajiri akapanda basi la Tanga.

"Ungeliacha dukani," nikamwambia.

"Nikaacha mtoto wa watu na saa mbovu?" Alikasirika kweli. Amelipakata mpaka Tanga. Limekaa harusini siku tano, juu ya meza, karibu na picha ya mkewe. Shemeji yake alidhani ni zawadi ya bwana harusi, nusura alifungue. Leo ameshuka basi na kuuliza nyumba kwa nyumba, "Kwa Hawa wa makopo ni wapi?" Mtaa mzima ukamwelekeza. Sikujua kama nina jina hilo.

Mama akalipokea kwa mikono miwili. Akafungua, akachungulia, akapitisha kidole kuzunguka ukingo wa ndani. Akanionyesha kidole. Kikavu.

Nimelia mbele ya Mzee Kanti na sijali. Akala mihogo yetu sahani mbili. Nimemwandikia namba yangu kwenye karatasi tatu, moja ya mfukoni, moja ya dukani, moja ya ukutani kwake.

Zuhura akatoka mlangoni na mtoto kuuliza kelele za nini. Mama akamjibu, "Mchele umemwagika."

Jumamosi, 24 Aprili

Tumekwenda, tumerudi. Seif alisinzia kwenye kivuko na suruali yake ya Dubai. Zuhura bado hatoki, alitukabidhi kopo mlangoni akalibusu kifuniko.

Nilibeba kidude. Nilitaka namba kamili, zisipotee milele. Mama akanitazama nikizunguka kiwanja mkono juu natafuta satelaiti. Yeye akasimama ukingoni mwa kisima, akatembea hatua kumi na nne kuelekea mnazi uliopinda, akasema chimba. Seif akachimba. Kitambaa kikaingia udongoni bila kopo. Nilitaka kuuliza kuhusu sisimizi, nikajizuia.

Kisha akatutembeza tena, mimi na Seif, kutoka kisimani. Mara tatu, mpaka tukafika pale pale bila kuambiwa. Namba nimeziandika pia. Hajakataa.

Nimechoka vizuri.

Jumapili, 25 Aprili

Kumetulia. Jua. Mama kanirudishia kopo, limeoshwa. Nimelichora mstari mweupe nje.

Wakati wa chai nimemuuliza kitovu changu kiko wapi hasa. Hakufikiri. Kutoka mlango wa uani hatua tano, mkono wa kulia, ulipokuwa mkomamanga. Nikaenda na kidude. Chini ya bati na zege hakikuona satelaiti hata moja, kikazunguka weee nikakizima. Nikahesabu hatua. Ya tano imenifikisha ndani ya fremu ya tatu, mbele ya kaunta ya kijana anayeuza simu za Seif.

Nimesimama hapo kidogo. Vigae vyeupe, feni, redio.

"Karibu dada. Vocha?"

Nikanunua vocha.