Sufuria Mbili za Mvua

Wayllapata,
Milima ya Andes.
9 Novemba.

Mpendwa mjukuu wangu Edilberto,

Hujambo huko Lima? Kifua kimepona? Vaa sweta nililokufumia, hata wenzako wakicheka. Mimi mzima, ni goti tu linalonung'unika. Anayeandika ni jirani yetu Yenifer, maana kalamu sikufundishwa. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha.

Barua yako imenikera. Eti nisipande viazi, niache shamba nihamie kwako, kwa kuwa mtaalamu wa hali ya hewa kaandika kwamba mlima wetu hauna mvua! Umesahau desturi? Shamba limepumzika miaka saba, na mwaka huu ndio zamu yake. Asiyepanda zamu ikifika, ardhi yake hupewa nyumba nyingine. Mawe ya kuta za shamba hili aliyabeba babu yako mgongoni. Simpi mtu.

Mtaalamu alisimika kipimo chake cha mvua Rumichaka, nyuma ya mlima, kwa sababu barabara inaishia huko. Wewe umechunga kondoo hapa, unajua. Upepo hutoka msituni umelowa, hupanda kwetu, hupoa, na maji hudondoka kama mvuke uliogusa mfuniko wa chungu. Mzigo wote huutua upande huu. Ukivuka kilele hushuka mtupu, na Rumichaka wanakula vumbi.

Basi nikachukua sufuria mbili zinazolingana. Moja nikaiweka kando ya kipimo chake, nyingine shambani kwangu. Jumanne ikanyesha. Yangu ilijaa vidole vinne. Ya kule maji hayakufunika hata ukucha. Nikazitua zote mbili mbele ya mkutano wa kijiji.

Mtaalamu akatabasamu. "Bibi, sufuria si kipimo."

"Basi igombeze mvua, mwanangu. Imeingia humo bila kukuuliza."

Mwenyekiti Fortunato alicheka hadi majani ya koka aliyokuwa akitafuna yakamtoka mdomoni.

Sikufichi: mwezi wa Juni tulipopanda kileleni kutazama kilimia, nyota zilikuwa hafifu, ishara kwamba mvua zitachelewa, na kweli zimechelewa. Nikangoja wiki tatu, basi. Kuhama sihami. Jana nimemaliza kupanda.

Ukingoni nimekuwekea mistari miwili ya vile viazi vyekundu. Mei uje uvichimbe mwenyewe, kisha unieleze habari za kuhama huku umevitia mdomoni.

Nisalimie mkeo Nilda na shangazi yako Eufrasia. Mungu akufunike, na mlima wetu usikusahau hata kama wewe umeusahau.

Wako akupendaye, na haondoki,
Bibi yako Saturnina