Kiraka cha Kayaki ya Vasco

Tiverton, 9 Septemba 2019

Mwanangu Nelson,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani? Kazi ya huko Omaha inakupa hata nafasi ya kula? Sisi wazima wa mwili. Mama yako anakusalimu. Anasema parokiani wamechoka kumuuliza ulikokwenda.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nina swali moja. Mwezi wa Aprili niliziba ufa kwenye kayaki ya kaka yako, kile kimtumbwi chake cha kuvulia, kwa mkono wangu mwenyewe. Alitaka kuipeleka dukani, nikamkemea: "Nimeunda mashua miaka arobaini, leo unitafutie fundi?" Mwezi wa Mei ikapinduka darajani, Vasco akafa. Kayaki waliirudisha imepasuka palepale kwenye kiraka.

Wewe ndiye uliyekuwa naye. Je, ilikuwa inaingiza maji? Niambie tu.

Ni mimi baba yako.

Omaha, 30 Septemba 2019

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, natumaini goti la Mama limepata nafuu. Huku baridi imeanza.

Kuhusu swali lako, ulikuwa mkondo tu. Maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi, yakambana Vasco kwenye nguzo ya daraja. Kiraka hakikuwa na neno. Usijisumbue, Baba. Nitapiga simu Jumapili.

Mwanao,
Nelson

Tiverton, 14 Novemba 2019

Mwanangu,

Salamu. Jumapili sita zimepita na simu haijalia. Ukiuliza hali yangu, si nzuri. Supu ya sukuma na soseji, ile niliyokuwa nikigombania chungu na Vasco, hainipiti kooni. Karakana nimeifunga. Juzi mzee Teves alileta mashua yake nimzibie, nikamfukuza. "Tafuta mtu ambaye hajaua mwanawe," nilimwambia. Alilia, maskini, akaondoka.

"Mkondo tu," unaniambia. Mkondo ule naujua tangu sijakuzaa, na Vasco nilimfundisha mimi. Mtu anayeujua haendi kubanwa ubavu kwenye nguzo ila chombo chake kiwe kimelemewa na maji. Unanificha kwa huruma, na huruma yako inanimaliza. Nakuomba kama mzazi wako, sema.

Baba yako.

Omaha, 8 Desemba 2019

Shikamoo Baba,

Sina hali ya kukueleza. Nimeianza barua hii mara nyingi.

Tulifika darajani saa mbili asubuhi. Maji yalikuwa yanaanza kupwa, na samaki wale wa besi wenye mistari walikuwa wakifukuza dagaa kwenye vivuli vya nguzo. Vasco alikuwa amevaa jaketi lake la kuokolea, limetuna tumboni. Nikamcheka. "We Vasco, una miezi mingapi? Tukuitie mkunga?"

"Mikunga ninayo," akasema, akanionyesha ndoo ya chambo, imejaa samaki wale warefu kama nyoka. Unamjua alivyokuwa.

Nilikuwa nimeshapata wawili, yeye hana hata mmoja. Nikaendelea kumsimanga. Unajua nikianza siachi. Nikamwambia anarusha mshipi kama bibi harusi anayerusha maua, kwa sababu ya lile tumbo. Mwishowe akalivua jaketi, akalisukumia nyuma ya kiti. "Haya, umeridhika?"

Haukupita muda akanasa samaki. Mkubwa, Baba, mwanzi ulipinda mpaka ncha ikazama. "Nelson, huyu analisha sikukuu nzima ya Pentekoste!" Samaki akamburuta kuelekea nguzo ya pili, na papo hapo na mimi nikanasa. Nilimsikia akiita, "Kata mshipi uje! Nabanwa!" Nikamjibu, "Thubutu! Nimpoteze wangu ili ukajisifu nyumbani?" Nilidhani ananifanyia hila. Sikukata. Nilipambana na samaki wangu mpaka nikamtia ndani. Dakika tatu, labda nne.

Nilipogeuka, kayaki ilikuwa imelala ubavu kwenye nguzo na kaka hayupo. Jaketi lilikuwa likielea peke yake. Nilizunguka nikiita mpaka sauti ikakauka. Baridi ya maji ya Mei unaijua, haimpi mtu muda.

Asubuhi ile nilikuwa nimetazama ndani ya kayaki yake. Hakukuwa na hata tone. Kiraka chako kilipasuka baadaye, kwa kugongwa kwenye mawe.

Ningekuambia siku ileile gatini. Lakini ulinikumbatia ukasema, "Afadhali wewe umebaki." Baada ya hapo ningeanzia wapi?

Ukiniita nije nipige magoti mbele yako na ya Mama, nitakuja.

Mwanao,
Nelson

Tiverton, 2 Machi 2020

Nelson,

Natumaini barua hii itakukuta mzima.

Ya kwako niliisoma mara moja, nikaitia jikoni motoni. Mama yako aliuliza umeandika nini. Nikamwambia unasema theluji ya huko ni nyingi. Akafurahi kwamba umeandika. Hatajua kutoka kwangu, na nakukataza ajue kutoka kwako.

Ulitaka kunitua mzigo. Umenitua kweli, sikumuua Vasco. Lakini mkono wangu nilikuwa nimeshazoea kuuchukia. Wewe sijui nikuchukieje. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali mpaka yeye alale.

Usije Pasaka. Mama yako atakutandikia kitanda kile cha pili, atapika, atakaa katikati yetu akicheka, nami sitaweza. Labda mtu mwenye miaka mingi mbele yake angeweza. Mimi daktari ameshanieleza, na nilimwambia asijisumbue.

Barua nyingine ukiandika, mwandikie mama yako, umweleze habari za theluji. Siku ya kunizika utapata habari. Hata siku hiyo usije.

Bado ni baba yako. Hilo sina pa kulirudisha.

Baba