Kisima Kilichokunjwa

Dada Wambui,

Salamu kutoka joto la Ngoliba. Leo kanisani afisa wa maji alibandika mchoro wa chumvi ya visima, kila kisima nukta yake, ya juu ndiyo yenye chumvi zaidi. Zote zilikuwa chini, zimetulia. Akasema bomba jipya halihitajiki.

"Na kisima changu kiko wapi?" akauliza Mama Njoki, mwenyeji wangu.

"Kinaharibu mchoro, mama."

Afisa alikuwa amekunja karatasi kwa juu. Nikaikunjua. Nukta ya Mama Njoki ikasimama peke yake karibu na dari. Nikamwambia afisa karatasi ikiwa fupi, aongeze karatasi.

"Ngai, Mungu wangu! Kesho uje unywe chai kwangu," Mama Njoki akamwambia, "ndipo uamue habari ya bomba."

Mimi nimeshainywa. Bomba litakuja.

Furahia maji yako matamu, dada.

Kaka yako, Kamau