Kata Mbili za Mama

Kezia, mama hajagusa chakula tangu mchana, na sasa najua kwa nini. Yaani siamini!

Leo tulikuwa Ringwani, kwenye ubatizo wa mjukuu wa mzee Nikodemo. Mzee kasimama mbele ya wageni wote, kamshika mama mkono: "Huyu ndiye aliyetupikia uji kwenye shamba la ujamaa, mwaka ule wa njaa. Sisi tuliohamishiwa kijijini alitupimia sawa na wenyeji. Kata moja kwa wote!"

Watu makofi. Mama kainamisha kichwa.

Kata moja! Njiani tukirudi ndipo kaniambia. Mwenyekiti wa kijiji alimwachia achague mwenyewe kata ya kupimia. Akatengeneza kata mbili za kibuyu, midomo inafanana kabisa, ila moja haina kina. Wenyeji aliwachotea kwa ile yenye kina. Waliohamishwa, ile nyingine. Msimu mzima, Kezia! Na Nikodemo alikuwa na watoto wanne.

Nikamuuliza, "Sasa mama, mbona hukumwambia ukweli palepale?"

Tulipofika mlangoni ndipo akanijibu:

"Ningemwambiaje, na sahani yangu kaijaza kwa mkono wake mpaka inamwagika?"