Inaokota Maji

Mjomba,

Ijumaa iliyopita yule bwana aliurudisha msamaha wake. Nakuandikia mapema, maana kaburi lako liko njiani na watu wa Mwera hawawezi kupita mahali bila kuacha maneno, nami sitaki habari hii ikufikie nusunusu.

Jina lake sitalitia kwenye karatasi hii. Wewe ulimwita Tajiri, kwa heshima. Mimi namwita Tajiri ili akumbuke alivyokuwa.

Siku tuliyokuzika, sisi wanawake tulikuwa ndani, mimi nimesimama dirishani, na wanaume uani na jeneza. Mdogo wako akasema yale ya kawaida, kwamba binadamu hukosea, aliyekosewa na marehemu na amsamehe. Kwa kawaida watu hunong'ona "tumesamehe" na jeneza huinuliwa. Tajiri akasogea mbele, kanzu imepigwa pasi, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Mimi yale ya koki za msikiti nimemsamehe. Na Mungu amsamehe." Watu wakaitikia amina.

Amina, Mjomba. Wameuitikia wizi ambao hukuufanya, nawe umelala hapo huwezi hata kukohoa.

Hapo ndipo nilipoacha kulia. Mama akadhani nimepata subira. Haikuwa subira.

Mengine unayajua, lakini nitayaandika kwa mpango ulionifundisha wa kutafuta penye kasoro: anzia kwenye tangi, fuata maji.

Ulikuwa na kibaba chako cha bati, cha bibi yako, kilichopimia mchele mpaka wewe ukakiharibia kazi. Kila koki mpya uliifunga kwanza kwenye bomba la uani kwako, ukaifungua yote, ukahesabu. Kibaba kikijaa kabla hujafika saba, ulisema, "Huyu mlafi," ukaitia kando. Ikipita saba, uliipaka kidoa cha rangi nyekundu ya kucha chini ya tumbo lake. Ile rangi uliiazima kwangu na hukuirudisha. Watu walikucheka, mwanamume mzima na rangi ya kucha mfukoni, na wakacheka zaidi ulipoanza kutembea nami, msichana mwenye spana chini ya baibui. Ukawaambia haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba humaliza tangi. Lakini hakuna aliyewahi kukurudia kulalamika juu ya koki yenye kidoa chekundu.

Halafu zikaja zile kumi na mbili za msikiti. Kamati ilitaka koki za kubana maji, ili tangi lifike mwisho wa wiki watu wakitia udhu bila wasiwasi, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Tajiri akazitoa dukani kwake Usagara, kila moja ina stika ya buluu yenye tone la maji na namba. Zimepimwa maabara ughaibuni, akasema. Wewe ulipotoa kibaba kwenye mkoba akacheka mbele ya kamati nzima: "Fundi, alama ya kimataifa unataka kuipima kwa kopo la mchele?"

Ukaona haya. Ukakirudisha kibaba mkobani.

Kwa hilo nakulaumu, na nitakulaumu mpaka nije huko. Miaka yote ulipima, siku moja ukasoma stika.

Kumi la kwanza la mfungo halijaisha, tangi likakauka. Ijumaa, watu wana sabuni miguuni na koki zinatoa pumzi tu. Kamati ilipomwendea Tajiri hakubabaika. Akasema koki zake zina alama, nendeni mkatazame kama mtaiona. Wakaenda upande wa wanaume, koki kumi, hakuna stika hata moja. Basi ikawa imekwisha: fundi kachukua nzuri, kafunga mbovu. Nilikuona ukijaribu kusema kwamba karatasi ile huenda imeyeyuka kwa maji. Nani alikusikiliza? Tangu hapo simu yako haikulia tena, na spana zikaanza kushika kutu, wewe uliyezipaka mafuta kila jioni. Daktari aliandika presha. Hiyo presha najua duka lake liko mtaa gani.

Baada ya arobaini yako kamati ikataka koki zile zing'olewe. Nikaenda mimi, macho chini, nikasema nitazing'oa bure, nilipie kosa la mjomba wangu. Wakanihurumia. Sijawahi kufurahia huruma ya watu kama siku ile.

Nilipofika koki ya saba nikakumbuka. Koki zilikuwa kumi na mbili, na waliokagua walihesabu kumi. Mbili tulizifunga upande wa wanawake, kule nyuma, na bomba lake lilikuwa linavuja, ukafunga valvu ukasema tutarudi wiki ijayo. Hatukurudi. Na wanaume wa kamati, kwa adabu zao, hakuna aliyewaza kwenda kutazama upande wetu. Akina mama wenyewe waliona koki hazitoi maji wakaja na makopo yao, basi.

Nikaenda. Zilikuwa pale, kavu, hazijaonja tone, na stika zao buluu kama zilivyotoka dukani. Nikazisoma kwa mara ya kwanza, Mjomba, maana siku ile wote tulitazama tone na namba. Imeandikwa kwa herufi kubwa: INAOKOTA MAJI.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alitaka kuandika inaokoa. Herufi moja imejipenyeza, na hakuna mteja, fundi wala sheikh aliyeiona.

Sikuzigusa. Nikawaita mwenyekiti na katibu. Walisimama mlangoni wakipiga hodi mahali pasipo mtu, mpaka nikawaambia waingie tu. Mwenyekiti akavaa miwani akasoma silabi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Katibu, ambaye ni mwalimu, akaomba aisome tena. Kisha tukaenda wote dukani, nami nimebeba kibaba chako.

Rafu nzima ilikuwa ikiokota maji. Koki, mabomba ya kuogea, matangi ya vyoo, na zote zina namba ileile moja, kama ndugu wanaochangia shati. Mwenyekiti akamuuliza polepole, "Tajiri, huko ughaibuni nani anawafundisha Kiswahili hiki?" Nikaomba koki moja mpya, nikaifunga kwenye bomba la nyuma ya duka lake, nikahesabu kwa sauti yako. Tatu. Kibaba kimefurika. Nikaifungua mdomo kuwaonyesha: ndani hamna kichujio wala chochote cha kupunguza maji, tundu tupu. Kilichokuwapo ni ile stika tu, karatasi tuliyokuja kujua imechapwa hapahapa Tanga.

Wangeweza kuyamaliza kimyakimya, na walitaka. Mimi sikutaka. Niliwaandikia watu wa viwango, nikatia picha, namba na stika moja. Wakaja, wakabeba sampuli, na siku chache baadaye mlango wa duka ukabandikwa tangazo la kufungwa. Tangazo lao halina kosa la tahajia. Nililisoma mara mbili kwa raha yangu.

Tena sikuishia hapo. Nilipita gesti moja baada ya nyingine, mpaka za njia ya Pangani, na shule zenye mabweni, kote alikouza. Sikumsema kwa neno baya. Nilipima tu, mwenye mali akiwa amesimama pembeni. Kisha wao wakaenda wenyewe kumtafuta Tajiri.

Akaanza kuomba radhi. Kwanza alimtuma mkewe kwa Mama na sinia la biriani. Mama alirudisha sinia na biriani yake. Akatuma wazee. Mwisho akaja mwenyewe, kanzu haina pasi, akasema kwa niaba yako nimsamehe. Nikamwambia, "Tangulia kuuondoa ule wako." Hakuelewa. Nikamweleza: "Ulimsamehe mtu asiye na kosa, mbele ya watu, naye hawezi kukujibu. Msamaha ule bado umekaa juu ya kaburi lake. Nenda kauchukue, mahali penye watu walewale."

Akasimama Ijumaa baada ya sala. Alisema kitu akiutazama mkeka. Sisi nyuma ya pazia tukatazamana, na Mama, unamjua dada yako, akapaza sauti: "Huku hatukusikia." Imamu akampa kipaza sauti. Akasema, na spika zikaipeleka mpaka sokoni: "Fundi hakuwa na kosa. Msamaha niliompa siku ya maziko naurudisha. Mwenye kosa ni mimi."

Hakuna aliyeitikia amina.

Alinisubiri nje, akaniuliza kama sasa yamekwisha. Nilidhani nitaona huruma. Sikuiona, Mjomba, nimeitafuta na haipo, na kama ni dhambi nitaijibu mwenyewe. Nikamwambia aliyekosewa yuko Mwera, na kaburi lake watu watamwonyesha.

Koki za msikiti nimezifunga upya, zote kumi na mbili, nikaanzia upande wetu. Kila moja ina kidoa chekundu. Kibaba chako ninacho, na nakuahidi sitafunga koki kwa kusoma maadamu nina mikono. Lala salama, fundi wangu. Maji yanatoka vizuri.

Na yule bwana atakuja huko kwako, amevaa vizuri, ana maneno mazuri. Safari hii usione haya. Mpime kwanza.

Mpwa wako,
Mwanaidi