Njia ya Wankuru Imepondwa

Jumatano, Morotonga, hapa Mugumu. Mawingu tangu alfajiri. Mvua inatishia lakini hainyeshi, kama mtu mwenye neno lililomkwama kooni. Nimerudi kutoka Kemambo saa kumi jioni, matope hadi magotini, na chakula sikitaki. Mke wangu ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia ni uchovu tu.

Si uchovu.

Wasomaji wangu saba (mke wangu nimemhesabu mara mbili) mnaijua kazi yangu. Nilifundisha hisabati mpaka chaki ikanichoka, sasa nafundisha watu wazima sheria ya watu wenye ulemavu. Naenda kwenye ofisi za vijiji, kwenye kambi za watalii kule Natta, kwenye vikundi vya wachimbaji wadogo. Nina begi, futi kamba na bango lenye michoro. Naeleza sheria inamtaka mwajiri afanye nini, halafu nawasaidia kukifanya. Ni kazi nzuri. Inanipa nafasi ya kuongea bila kukatizwa, jambo ambalo nyumbani halipo.

Miezi mitatu iliyopita nilikuwa kwenye kikundi kimoja cha wachimbaji huko Kemambo. Hapo ndipo nilipomfahamu Wankuru. Zamani alikuwa akiponda mawe na wanawake wenzake kando ya duara, yaani shimo la dhahabu, mpaka siku ukingo ulipomeguka ukamwangukia. Uhai ulirudi, miguu haikurudi. Ana kiti mwendo, ana watoto wawili, na ana mwandiko unaoutia aibu wangu wa ualimu.

Mwenyekiti wa kikundi, Chacha, alitamka mbele ya mkutano kwamba Wankuru atakuwa karani wa kitabu cha duara. Kila anayeshuka asubuhi anaandikwa jina, akipanda linapigwa mstari. Siku udongo ukianguka, mjue nani yuko chini. Nilifurahi mno. Mtu aliyewahi kufukiwa hawezi kukichezea kitabu kama hicho.

Tatizo lilikuwa ofisi. Imeinuliwa juu ya msingi mrefu kwa ajili ya matope, na ina ngazi tano.

Basi hapo ndipo nilipong'ara. Nikabandika bango, nikapima, nikachora njia ya mteremko: ukipanda hatua moja kwenda juu, uende kumi na mbili kwa urefu, kiti kisirudi nyuma. Waliposema hawana mawe ya kujengea, nikanyoosha kidole kama nabii. Si yale pale! Kulikuwa na lundo kubwa la mawe yaliyotolewa duarani, yale ambayo huku yanaitwa magwangala, mabaki ambayo dhahabu yake ni ya kubahatisha. Yapo bure, nikasema, na ni magumu.

Mama yake Wankuru, bibi mwembamba aliyekaa nyuma, akasema, "Mwalimu, huku jiwe halilali."

Watu wakacheka. Nikadhani anawasifia wenyeji kwa uchapakazi. Nikacheka kuliko wote.

Njia ikajengwa kwa siku nne. Nilimpiga picha Wankuru akipanda peke yake, mikono kwenye magurudumu, meno yote nje. Picha ikaenda kwa walionipa kazi, wakaiweka mbele ya ripoti, wakaniandikia barua ya pongezi. Mke wangu akaibandika ukutani sebuleni, juu ya kalenda.

Leo nimerudi kukagua. Njia haipo.

Lipo handaki refu la matope, na saruji imetawanyika vipande vipande kama maganda ya mayai. Ngazi tano ziko palepale. Nimezipanda kwa kupumzika mara mbili, goti la kushoto likilalamika, na Chacha kanisubiri juu kwa upole wa mtu anayemsubiri shangazi yake.

Hakuficha kitu. Siku hizi bei ya dhahabu imepanda na kila mtu ana nyundo. Mmoja alibandua jiwe la pembeni, akalipeleka kwenye karasha likasagwa, akatangaza kwamba limetoa. Kama kweli lilitoa, hakuna aliyeona. Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani, na wengine wakiwa wametoka kabla ya mahubiri, njia yote ikaisha.

"Mwalimu, ulitupangia mali mlangoni," akasema Chacha, "halafu ukaenda zako Mugumu."

Na kitabu? Kitabu anacho mtoto wa kaka yake Chacha. "Huyu anapanda ngazi bila mchoro."

Nimekifungua. Majina matatu ya jana hayana mstari. Nimemuuliza kijana, akacheka vizuri tu. "Walitoka, mwalimu. Niliwaona kwa macho."

Chacha amenisindikiza hadi chini, mkono begani kwangu. "Lakini picha si unayo? Wewe andika njia ipo. Kiangazi tutaijenga tena."

Nikiri hapa, kwa sababu nyumbani sijakiri. Nimelifikiria. Si kwa sekunde, ni kwa mwendo wote wa kutoka ofisini hadi nyumbani kwa Wankuru, na si karibu. Mkataba wangu unaangaliwa upya mwezi ujao. Picha ninayo kweli.

Nimemkuta uani, amekaa chini kwenye gunia, miguu ameikunja upande, anaponda mawe. Kiti kiko kando, kimeanikiwa nguo za watoto.

"Shikamoo, mwalimu."

Nimeitikia, nikaanza kuomba msamaha. Ilikuwa hotuba ndefu yenye vifungu vya sheria ndani yake. Ameniacha nimalize, kama unavyomwacha mlevi amalize wimbo.

"Mwalimu, ndoo mbili za ile njia nimeziponda mimi."

Sikuelewa. Akaelekeza nyundo kwa mama yake aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni. "Mama alizileta Jumapili. Kila mtu alikuwa anachukua. Ulitaka mimi nibaki nawaangalia?"

Bibi hakuinua uso. "Si nilimwambia jiwe halilali?"

Nikauliza kama walipata kitu, na papo hapo nikatamani ningenyamaza.

"Vumbi," akasema Wankuru.

Kisha akanieleza jambo bila hasira, na afadhali angekasirika. Siku ile nilipokuwa nachora, alinyoosha mkono. Alitaka kuuliza kwa nini kitabu kisishuke. Kitabu ni chepesi. Watu hawashukii duarani kutoka ofisini, wanapita pale chini. Meza moja na bati mbili mdomoni mwa duara, yeye angemwona kila anayeingia na kila anayetoka. "Ukaniambia maswali ni mwishoni. Mwishoni mkanywa soda."

Ukurasa wa kwanza wa mafunzo yangu unasema: kabla ya kufanya lolote, muulize mwenyewe.

Ukurasa huo nimeuandika mimi.

Nimemrudia Chacha nikamweleza habari ya meza na bati. Akatazama mawingu. Akasema wazo si baya, ila kijana ameshazoea, na mambo ya namna hiyo yanaongelewa kwenye kikao. Kikao ni Jumamosi. Namjua Chacha, "kikao" kwake ni kabati, anaweka humo kitu asichotaka kukiona.

Fomu ya ukaguzi ina visanduku viwili, Ipo na Haipo. Nimetia alama kwenye Haipo. Chini yake nimeandika kwamba mawe yalichaguliwa na mkufunzi, na jina la mkufunzi nimelitaja. Nimeongeza pia majina matatu yasiyopigwa mstari. Nimeituma haraka, kabla sijapata busara. Barua ya pongezi nimeibandua. Gundi imeondoka na rangi ya ukuta, na sasa pana baka ambalo itabidi nimweleze mke wangu.

Jumamosi nitakwenda Kemambo. Nitakaa nyuma alipokaa yule bibi, na Wankuru atasema kwanza, hata kama sote tutasimama matopeni ili kikao kifanyike chini. Watamsikiliza? Sijui. Mimi mwenyewe, mwenye bango, sikumsikiliza.

Nilipokuwa naondoka kwa Wankuru alinipa jiwe moja, ukubwa wa ngumi. Lilibaki kwenye ndoo bila kupondwa. "Chukua, mwalimu. Ni la njia yako."

Upepo umeanza, nimelitumia kukandamiza karatasi mezani.

Nimeshaligeuza mara mbili kwenye mwanga wa dirisha, nikitafuta kama linang'aa.